Shemeji anapita nyuma ya mtambo wangu, foromani anasema niendelee kuchimba

SWALI

Shikamoo mzee.

Nakuandikia kutoka mkoani Shinyanga, kwenye mradi wa kulaza bomba la maji. Mimi ni opareta wa eskaveta ya tani 20. Mtambo si wa mkandarasi, umekodishwa na tajiri mmoja wa mjini, nami nimekuja nao kama opareta wake. Kwa hiyo nina mabosi wawili: tajiri, ambaye kila jioni ananipigia kuuliza mita inasoma saa ngapi, na foromani wa saiti, ambaye yeye anahesabu urefu wa mtaro tu.

Kazi yenyewe ni kuchimba mtaro wa kina cha kama mita mbili kwenye udongo wa mbuga na kupakia kwenye tipa udongo unaozidi. Bomba zikifika nazishusha kwa cheni tunayoifunga kwenye meno ya baketi. Vibarua wanakuwa ndani ya mtaro, wanasawazisha chini kwa sepetu na kumwaga mchanga, na mimi niko mbele yao naendelea kuchimba. Wakati mwingine nikigeuza mkono, baketi inapita juu ya vichwa vyao. Mwanzoni nilikuwa nasubiri watoke. Foromani akanijia juu: "Wewe unalipwa kusubiri au kuchimba?"

Lakini kinachoninyima usingizi ni shemeji yangu. Ni mdogo wake mke wangu, alimaliza kidato cha nne akawa yupo yupo tu nyumbani. Mama mkwe akaomba nimtafutie chochote. Nikamwombea kazi, wakampokea, na kwa kuwa ni mtu wangu foromani akampa reflekta na bendera, akasema, "Huyu ndiye mwongozaji wako." Hakuna aliyemfundisha kitu. Basi mzee, huyo kijana ana simu mkononi muda wote. Namtafuta kushoto simwoni, kumbe yuko nyuma ya mashine, kwenye kivuli chake, anaangalia mpira. Nikipiga honi ananipungia mkono kwamba twende kazi.

Wiki iliyopita nilikuwa napakia tipa. Nyuma yangu palikuwa na kontena la stoo, na nafasi iliyobaki kati ya kontena na mkia wa mashine ni ya mtu kupita kiubavu. Nilishachota, nimeanza kugeuka, mara nikaona rangi ya machungwa kwenye kioo, kidogo tu, ikapotea. Nikaachia liva. Mashine iliposimama, mkia ulikuwa umeshamgusa begani na kumbana kwenye kontena. Hakuumia. Akatoka anacheka: "Shem, unataka kuniua ili usimalizie mahari?" Saiti nzima ikaangua kicheko.

Foromani akauliza, "Kuna damu? Hakuna. Haya, endelea." Kuna opareta wa greda, mtu mzima kwangu, akaniambia opareta anayejua kazi anaijua baketi yake ilipo hata akifumba macho, mimi bado. Nyumbani mke wangu anasema nikimsema mdogo wake akafukuzwa, mama yao atasema nimemfukuza mimi.

Naomba unisaidie mambo matatu. Nina haki ya kukataa kuchimba wakati watu wako chini? Ujue madeiwaka wamejaa getini, nikigoma asubuhi saa nne kuna mtu kwenye kiti changu. La pili, akifa mtu atakayefungwa ni mimi au foromani? La tatu, huyu shemeji nimfanyeje bila kuvunja nyumba yangu?

Opareta, Shinyanga

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Pole kwa usingizi, ingawa ningekuwa na wasiwasi zaidi kama ungeniandikia kwamba umelala fofofo.

Nianze na pale kwenye kontena. Uliambiwa maneno mawili siku ile. La foromani ni uzembe wa wazi na hatulizungumzi sana. La yule opareta wa greda ndilo linalonisumbua, kwa sababu linavaa nguo za ujuzi, na vijana wengi wamelimeza hivyo hivyo. Kuijua baketi yako ilipo ni kitu kizuri. Lakini shemeji yako hakubanwa na baketi. Alibanwa na mkia, ule uzito wa chuma ulio nyuma ya kebini, na hakuna opareta duniani anayeuona mkia wake akiwa anatazama tipa. Tena mkia unaweza kuujua vizuri sana, ukajua unafagia wapi hadi sentimita, bado usijue kama kuna mtu ameingia hapo wakati unachota. Mtambo uko unapouacha. Mtu ndiye anayehama.

Zifikirie namba za mashine yako mwenyewe. Eskaveta ya tani 20 inafika mbele kama mita 10. Mkia wake unafagia karibu mita tatu kutoka katikati ya mashine. Sehemu ya juu, ikishakolea, inazunguka mara 11 au 12 kwa dakika, maana yake nusu duara haifiki sekunde tatu. Wewe umekaa upande wa kushoto wa mkono wa mashine, na mkono ukiinuka unakuziba karibu upande wote wa kulia. Nyuma una vioo, na mashine nyingine zina kamera, lakini kwenye vumbi la Shinyanga hiyo kamera asubuhi inaona, mchana inaona kahawia. Uliiona ile rangi ya machungwa kwa sababu jua lilikuwa zuri, kioo kilikuwa safi, na reflekta haijachakaa. Vitu vitatu vya bahati kwa mpigo mmoja. Huwezi kupanga kazi ya mwezi mzima juu ya bahati ya namna hiyo.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa ni moja, na nyingine zote zinatoka humo: mashine ikifanya kazi, hakuna mtu ndani ya eneo inalolifikia, na mtu akiingia, baketi inashuka chini. Haisimami hewani ikisubiri. Inashuka chini mpaka ardhini, unapunguza injini, unafunga liva ya usalama iliyo kushoto kwa kiti chako, ile inayokata nguvu ya haidroli, unainua mikono yote miwili ili aliye nje aione mitupu. Ndipo anasogea. Akitaka kukuambia kitu na wewe mkono wako uko kwenye liva, hiyo habari haijafika wakati wake. Kuna maopareta wamepoteza watu kwa sababu walivaa koti jipya na mfuko ukanasa liva wakati wanainama dirishani kuzungumza. Liva ya usalama ilikuwepo pale pale, haijafungwa.

Eneo hilo lionekane kwa macho, lisibaki kichwani mwako peke yako. Vigingi na utepe mwekundu vinatosha kwa mbele na pembeni. Nyuma, pale penye kontena, utepe hautoshi. Kati ya mkia na kitu chochote kigumu, kontena, ukuta, lori lililoegeshwa, kunatakiwa kubaki angalau nusu mita mkia unapopita, ili aliyekosea njia asibanwe. Kama nafasi hiyo haipo, sogeza mashine. Kama huwezi kusogeza, ziba kabisa huo upenyo, hata kwa mapipa na mabomba yenyewe, pasiwe na njia. Upenyo wa mtu kupita kiubavu kati ya mkia na kontena ndio mtego mbaya kuliko yote kwenye saiti ya eskaveta, kwa sababu unaonekana kama njia ya mkato na unafanya kazi vizuri mara zote isipokuwa moja.

Sasa niingie kwenye mtaro, maana wewe umeupitia haraka na mimi hapo ndipo nilipoacha kusoma nikavua miwani. Mita mbili, udongo wa mbuga, watu ndani, mashine ukingoni. Hujaniambia lolote kuhusu kuta. Zimelazwa? Zina mbao? Kuna ngazi? Nina hisia kwamba jibu ni hapana mara tatu.

Mbuga unaujua kuliko mimi, umezaliwa nao. Kiangazi unapasuka nyufa mguu unaingia, mvua ikinyesha unavimba. Ukichimba mtaro kwenye udongo ambao tayari una nyufa, ukuta umeshakatwa kwa nyuma kabla hujaanza, unangoja sababu tu. Na sababu unaileta wewe: tani 20 zinazotetemeka ukingoni, pamoja na rundo la udongo ulioutoa na kulimwaga pale pale karibu. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi karibu mbili ukiwa umelowa. Mtu akifukiwa hadi kifuani tu, hahitaji kufukiwa kichwa ili afe, kifua hakiwezi tena kutanuka kuvuta hewa. Na wenzake wakiruka kumsaidia wanakanyaga ukingo uleule, ukuta wa pili unawafuata. Usidhani utamwokoa kwa baketi, baketi inakata watu.

Sehemu nyingi duniani kanuni za ujenzi zinaanza kudai kuta zizuiwe mtaro unapofika kina cha mita moja na robo hadi mita moja na nusu, na wataalamu wa udongo watakwambia hata kabla ya hapo mtu aliyechuchumaa kulaza bomba anaweza kufukiwa. Ninyi mko mita mbili. Kwa hiyo chagueni: ama mlaze kuta zipanuke juu, kazi ambayo wewe na baketi yako mnaiweza, ama muweke mbao na nguzo za kuzuia. Udongo uliotolewa ukae mbali na ukingo, sentimita 60 ni kiwango cha chini kabisa, na kwenye mbuga mimi ningetaka zaidi ya mita. Ngazi iwe karibu na walipo watu, isiwe imelazwa stoo. Asubuhi baada ya mvua hakuna anayeshuka mpaka mtu mwenye ujuzi ameitazama mitaro yote. Hata kama foromani ananuna.

Kuhusu zile bomba. Meno ya baketi yametengenezwa kung'ata udongo. Cheni iliyopitishwa juu ya jino inateleza baketi ikiinama, na jino lenyewe ni kitu cha kuchomoka, limeshikiliwa na pini ambayo wewe mwenyewe umeshaibadilisha njiani. Kama mashine ina sehemu ya kunyanyulia iliyoidhinishwa na mtengenezaji, ndoano au pete iliyoandikwa uzito wake, tumieni hiyo, na kabla ya kunyanyua tazama jedwali la uzito ndani ya kebini. Litakuonyesha jambo ambalo mikono yako imeshalihisi: kadiri mkono unavyonyooka mbali ndivyo mashine inavyobeba kidogo, na ikiwa imesimama ubavuni mwa mtaro inabeba kidogo zaidi. Bomba iongozwe kwa kamba na watu walio pembeni, asikae mtu chini yake wala kati yake na ukuta wa mtaro. Kama mashine haina sehemu hiyo, leteni winchi ndogo. Nasikia kicheko cha foromani kutoka hapa nilipo. Acheke.

Haya, maswali yako.

Uliuliza kama unaweza kukataa. Mimi nakushauri usikatae kuchimba. Kataa kuchimba watu wakiwa chini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na foromani akisikia la kwanza atakuletea deiwaka, akisikia la pili hana jibu rahisi. Nenda kwake asubuhi kabla ya injini kuwaka, uso kwa uso, si kwa kupigizana kelele mashine ikiunguruma. Mpelekee mpango. Mwambie nitachimba kipande cha mita 30 mbele, vibarua wanafuata nyuma nikiwa nimeshawaacha mbali kuliko mkono unavyofika. Hakuna anayemsubiri mwenzake isipokuwa wakati wa kushusha bomba. Mtaro unaochimbwa hivi haupungui urefu jioni, kwa sababu sasa hivi kinachokula muda wako ni kukwepa vichwa vya watu, ingawa hakuna anayeuhesabu muda huo. Foromani anaelewa lugha ya mita, basi zungumza naye kwa mita.

Halafu kuna tajiri. Umemtaja kama mzigo wa pili, mimi namwona kama mtu wa kwanza wa kumshirikisha. Mtambo wake ukiua, polisi watauzuia kama kielelezo, wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana mamlaka ya kusimamisha kazi ya hatari, na ile mita anayoiulizia kila jioni itasimama hapo hapo kwa muda ambao hakuna awezaye kumwambia. Mtumie ujumbe wa maandishi usiku huu, mfupi, wenye heshima. Kitu kama hiki: "Bosi, shikamoo. Wiki iliyopita mkia wa mashine ulimbana mtu kwenye kontena, kapona. Mwongozaji niliyepewa hajafundishwa, na vibarua wanawekwa mtaroni chini ya baketi. Nimeomba saiti wapange upya. Naomba na wewe uwapigie." Usimlaumu mtu, usitie chumvi. Sababu ya kuandika badala ya kupiga simu unaielewa. Nunua na daftari, kila asubuhi andika ulichokagua: pini ya kikamatio cha baketi imeingia, mipira ya haidroli haivuji, vioo vizima, honi inalia, alamu ya kurudi nyuma inalia. Najua kuna waliokata nyaya za alamu kwa sababu inawaumiza kichwa. Kama na wewe ulikata, unganisha.

Upande wa sheria hauko peke yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na inataka sehemu za kazi ziwe na wawakilishi wa usalama waliochaguliwa. Uliza wa kwenu ni nani. Wakikosa jibu, umeshapata jambo la kuwaeleza OSHA, ambao ndio wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za msingi, asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliuingiza mkataba huo kwenye orodha ya mikataba yake ya msingi, kwa hiyo kanuni zake zinazihusu hata nchi ambazo hazijauridhia.

Ukifukuzwa je? Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Mwajiri wako ni tajiri, si foromani. Foromani anaweza kukutoa kwenye saiti yake, hawezi kukuachisha kazi ya mtu mwingine, ndiyo maana nimekuambia tajiri ajue mapema kutoka kwako. Tajiri mwenyewe akikuachisha bila haki, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na daftari na ule ujumbe vitakuwa mdomo wako. Tatizo ni kwamba aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Hukuniambia una muda gani naye. Kama hujafika hapo, busara yako iwe nyingi zaidi kwenye namna ya kusema, lakini usipunguze unachokisema.

Swali la kufungwa. Polisi wakifika, mtu wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa kwenye kiti. Hilo halikwepeki. Baada ya hapo wanatazama nani alijua nini na akafanya nini. Sheria ile ile ya 2003 inamtwisha mwajiri mzigo mkubwa, lakini mfanyakazi naye inampa wajibu wake: kutunza usalama wake na wa wengine wanaoguswa na kazi yake. "Foromani aliniamuru" ni maelezo, si kinga. Na kuanzia ile siku ya kontena huwezi tena kusema hukujua. Naliandika hili si kukutisha, ni kukuonyesha kwamba kuendelea kama kawaida ndiyo njia yenye hatari kubwa zaidi kwako wewe binafsi, hata ukiwaweka pembeni hao walio mtaroni.

Na kibarua akiumia, hata kama ameajiriwa juzi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayeuchangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu. Waulizeni kama mkandarasi amejisajili. Ni swali dogo la kuuliza kwenye kikao cha asubuhi, na linabadilisha nyuso za watu.

Sasa shemeji. Kwanza tukubaliane kwamba huyu kijana hajui anachokifanya, na kosa hilo si lake peke yake. Alivikwa reflekta akaambiwa wewe ni mwongozaji. Mwongozaji ni mtu aliyefundishwa, hana kazi nyingine, hana simu, anasimama mahali ambapo opareta anauona uso wake, na opareta akimpoteza machoni mashine inasimama mpaka aonekane tena. Anayekupa ishara za kusogea ni huyo mmoja tu. Ishara ya kusimama unaitii kutoka kwa yeyote, hata kwa mama ntilie aliyekuja na chai. Ukilipima jambo kwa kipimo hicho, wewe huna mwongozaji. Una ndugu aliyesimama karibu na mtambo.

Kwa hiyo omba atolewe kwenye bendera, asitolewe kazini. Mwambie foromani, "Kijana anafaa, ila hapo hajafundishwa. Mpeleke kwenye mchanga au stoo, nipe mtu mwenye uzoefu, au mumfundishe kwanza." Hakuna anayeshitaki mtu hapo. Na kabla hujalisema saitini, limalize nyumbani. Mkeo anaogopa mama yake, mwache aogope, ni mama yake. Kwetu mtu hakai kupiga soga na mama mkwe, kwa hiyo usiende wewe. Mpe mkeo habari kamili, namna mdogo wake alivyobanwa kwenye kontena, bila kuipunguza kuwa kichekesho. Nina wasiwasi kwamba yeye amesikia ile ya mahari, hajasikia ya mkia. Akishaelewa, yeye ndiye atakayempigia mama yake, na maneno yatakuwa "nimekaribia kuzikiwa mdogo wangu", siyo "mume wangu kamchongea". Kama baba mkwe yupo, au mjomba wao, mzungumze naye wewe mwenyewe kiume. Walikukabidhi kijana wao, wana haki ya kusikia kutoka kwako.

Utani wa mashemeji siukatai, hata mimi nina shemeji ambaye hajawahi kuniambia neno la maana tangu 1994. Ila mwambie kijana wazi kwamba ukiwa kwenye kiti, wewe si shem. Utani uanze funguo zikiwa mfukoni mwako.

Na akikaidi, usipoteze maneno. Jumatatu asubuhi kabla kazi haijaanza, injini imezimwa, funguo unazo wewe, mpandishe yeye kwenye kiti. Apande akiwa ameelekea mashine, mikono miwili na mguu mmoja kila wakati vimeshika, aanze kujifunza hapo hapo. Afunge mkanda. Wewe shuka, chukua simu yako, kasimame kila mahali ambapo yeye huwa anasimama: kwenye kivuli nyuma ya mkia, kulia kwa mkono, pale kwenye upenyo wa kontena. Kila ukifika mpigie simu umuulize, "Unaniona?" Akishuka, ita vibarua wote wapande mmoja mmoja, itachukua nusu saa. Kisha mwambie foromani naye apande.